Marsabit, Mlima Ulio Peke Yake Jangwani

Msafiri atokaye Isiolo kwenda Moyale hupita nchi kavu kwa zaidi ya maili 150: mawe, mchanga, miiba na jua. Kisha mbele yake huonekana mlima wa kijani kibichi, na wingu limeufunika kichwa. Huo ndio Marsabit. Kusini yake ni jangwa la Kaisut, na upande wa magharibi ni Chalbi. Mlima wenyewe umesimama kama kisiwa baharini.

Mlima huu ulizaliwa na moto. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka yalitoka ardhini kwa matundu mengi, yakarundikana polepole hata kufikia futi 5,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wamehesabu vilima 180 vya majivu, na mashimo mapana 22 yaliyopasuliwa na mvuke pale moto ulipokutana na maji ya chini. Wenyeji huyaita mashimo hayo gof. Ndani ya Gof Sokorte Guda limo ziwa ambalo wageni huliita Paradise. Martin Johnson na mkewe Osa, watu wa Marekani, walikaa kando yake miaka ya 1920 wakipiga picha za sinema za wanyama. Ndovu wa huko wana sifa kubwa. Mmoja wao, Ahmed, alilindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970, kwa ajili ya urefu wa pembe zake. Alikufa mwaka 1974, na mifupa yake iliwekwa katika jumba la makumbusho, Nairobi.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni maji, maana mlima hauna mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka nchi ya joto bila kuacha tone, mpaka ukutane na mlima. Hapo hupanda, hupoa, na usiku hugeuka ukungu ambao mara nyingi hauondoki kabla ya jua kuwa kali. Majani ya miti huunasa, ukadondoka tone kwa tone. Mawe ya volkeno yana vitundu, basi maji huzama, yakatokea tena katika chemchemi ya Bakuli na katika visima vya miteremkoni.

Kwa hiyo akatae mti msituni hakati kuni tu. Waburji walimao mashamba, na Warendille, Wagabra na Wasamburu waletao mifugo wakati wa ukame, wote hunywa ukungu ule ule. Ukame ulioanza mwaka 2020 uliua mifugo mingi mno.

Katika visima vya Ulanula, vijana wa Kiborana husimama mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Maji yakishuka, hutafutwa kijana mmoja zaidi wa kusimama chini, na ng'ombe walioko juu huzidi kungoja.