Kuongeza Uwezo wa Picha katika Kompyuta Mpakato Kuukuu
Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa aliyekwisha kuuza korosho huenda akatamani kuinunulia kompyuta mpakato yake kuukuu kadi mpya ya picha. Asifanye haraka. Katika nyingi ya kompyuta hizo, chipu ya picha imelehemiwa kwenye ubao mkuu au imo ndani ya prosesa, haibadilishwi. Hata hivyo, chipu iliyomo ndani ya prosesa huazima kumbukumbu ya kompyuta. Basi, penye nafasi mbili na kipande kimoja tu cha kumbukumbu, kipande cha pili kinacholingana nacho kwa kawaida huipanua njia ya data maradufu. Aidha, feni isafishwe vumbi la kiangazi, kwani prosesa ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi. Fedha itakayookolewa irudi shambani.