Mshahara wa Mwanamke: Rekodi za Aibu na Rekodi za Fahari

Nianze na mgomo ninaouweka juu ya migomo yote ya wanawake. Tarehe 24 Oktoba 1975, wanawake wa Iceland wapatao asilimia 90 waliacha kazi, za ofisini, viwandani, shuleni na hata jikoni. Akina baba wakaongozana na watoto hadi kazini. Mwaka 1980 nchi hiyo ikampigia kura Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa rais. Mwaka 2018 ikawa ya kwanza kuwataka waajiri wenye wafanyakazi 25 na zaidi waoneshe cheti kwamba kazi zenye thamani sawa zinalipwa sawa. Sheria hiyo imemtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha. Mara nyingi kwingineko, aliyepunjwa ndiye anayedaiwa ushahidi ambao umo kwenye mafaili ya bosi wake. Hata hivyo pengo la mishahara kati ya wanawake na wanaume halijazibika kabisa huko, na Oktoba 2023 wanawake waligoma tena, waziri mkuu Katrín Jakobsdóttir akiwa miongoni mwao.

Katika siri za mshahara, sijakutana na iliyoniumiza kuliko ya Lilly Ledbetter wa Alabama, Marekani. Alianza kazi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear mwaka 1979, akapanda hadi usimamizi. Karibu na kustaafu, mtu asiyejitaja akamwachia kikaratasi chenye mishahara ya wenzake. Yeye alilipwa dola 3,727 kwa mwezi, na mwanamume aliyelipwa kidogo kuliko wote katika cheo hichohicho dola 4,286. Aliposhtaki, Mahakama ya Juu ilimwangusha mwaka 2007 kwa kura 5 dhidi ya 4: ati alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumlipa kidogo. Angelalamikaje jambo alilofichwa? Mwaka 2009 sheria yenye jina lake ikawafungulia mlango wengine, na Rais Obama akaitia saini. Ledbetter mwenyewe hakupata hata senti.

Haki iliyocheleweshwa mno ni ya mafundi cherehani wa Ford, Dagenham, Uingereza. Waligoma mwaka 1968 kwa sababu kushona viti vya magari kulihesabiwa kazi isiyohitaji ujuzi mkubwa. Mgomo wao ulizaa Sheria ya Malipo Sawa ya 1970. Lakini daraja la fundi stadi, dai lao la kwanza, walilipata mwaka 1984.

Kwa pengo la mishahara pana zaidi miongoni mwa nchi tajiri za shirika la OECD, Korea Kusini imeshika nafasi hiyo tangu ijiunge mwaka 1996. Mwaka 2022 mwanamke huko alikuwa akilipwa pungufu ya mwanamume kwa asilimia 31 hivi. Wengi huacha kazi wakishajifungua, na wakirudi wanaanzia chini. Claudia Goldin, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Uchumi peke yake (2023), ameonesha kwamba katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la leo hufunguka baada ya mtoto wa kwanza.

Mahali pa usawa ulio wazi kwa kila mtu ni mbio za marathoni za Boston. Mwaka 2024 Mkenya Hellen Obiri alipokea dola 150,000 za ushindi, sawasawa na Sisay Lemma wa Ethiopia aliyeshinda kwa wanaume. Zawadi hutangazwa kabla ya mbio, kwa hiyo hakuna pa kuficha.

Kwetu sheria zipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 zinaagiza malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na ya Kenya inamtaka mwajiri aliyeshtakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Dada, kama una shaka na mshahara wako, waulize wenzako wanalipwa kiasi gani, kisha nenda na jibu hilo kwenye chama chako cha wafanyakazi. Nawe kaka, ukiulizwa, sema ukweli.