Nairobi hadi New York: mbona kwenda ni masaa 15 na kurudi 14?

Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa 5:30 usiku na kutua New York saa 12:30 asubuhi. Ukipiga hesabu ya haraka unapata masaa 7. Usidanganyike! Majira ya baridi kule, saa ya New York iko nyuma ya yetu kwa masaa 8. Jumlisha: umekaa kwenye kiti masaa 15.

Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018. Kurudi huchukua karibu masaa 14. Miji ni ileile, ndege ni ileile. Sasa lile saa moja limeenda wapi?

Wengi husema, "Ni kwa sababu dunia inazunguka." Hebu tulipime jibu hilo. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kama ingekuwa inakimbia chini ya ndege, New York ingekuwa inatujia, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Kumbe ni kinyume! Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo kama samaki mtoni.

Jibu ni mkondo wa mto wenyewe. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kilomita 10 hivi kwenda juu, huvuma upepo kutoka magharibi ambao unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma.

Basi si hasara na faida zinafutana? Hapana. Chukua safari ya kilomita 9,000 na ndege ya kasi ya 900 kwa saa. Bila upepo ni masaa 10 kwenda, 10 kurudi. Weka upepo wa kilomita 100 kwa saa: kwenda, kasi ni 800, yaani masaa 11 na dakika 15, kurudi, kasi ni 1,000, yaani masaa 9. Robo saa imepotea, kwa sababu unapambana na upepo kwa muda mrefu kuliko unavyosaidiwa nao.

Muda wa ziada ni mafuta ya ziada, na mafuta ni uzito. Hapo ndipo Nairobi inapobanwa. Uwanja wa JKIA uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hivyo mabawa na injini havipati nguvu kama ya uwanja wa pwani. Yaani safari inayodai mafuta mengi zaidi ndiyo inayoanzia uwanja mgumu zaidi! Uzito ukizidi, lazima kitu kibaki chini: mizigo, au hata abiria.

Kwa hiyo ukisikia ndege ya New York imeondoka na viti vitupu, usiharakishe kusema wateja wamekosekana. Huenda ni fizikia.