Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu wavuvi na wafanyakazi, katika Ziwa Mweru mpaka wa Zambia na Kongo hauna ukuta wala uzio. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, bali mji wa Kilwa uko Kongo. Wenzetu wa Nchelenge na Kashikishi huvuka kutafuta riziki, na wa ng'ambo nao huja kwetu. Je, mtu akinyang'anywa mashua au nyavu katika nchi ya kigeni, serikali yake yaweza kumsaidia?

Yaweza. Sheria ya mataifa inairuhusu serikali kumdaia raia wake haki. Lakini hailazimiki, na kwa kawaida raia huyo hana budi kwanza kutumia mahakama za nchi ile mpaka njia zimwishie.

Tutazame mfano wa Kongo yenyewe. Bwana Ahmadou Sadio Diallo, raia wa Guinea, aliingia huko mwaka 1964 akafanya biashara. Januari 1996 alifukuzwa nchini. Desemba 1998 serikali ya Guinea iliishtaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na mwaka 2010 Mahakama iliamua kwamba haki zake zilivunjwa. Guinea ilidai zaidi ya dola milioni 11. Mwaka 2012 ilipewa dola 95,000: 85,000 kwa mateso aliyoyapata, na 10,000 tu kwa vyombo vyake vya nyumbani. Madai ya mapato aliyoyakosa yalikataliwa, kwani ushahidi haukutosha.

Hapa pana fundisho. Bwana Diallo alikuwa na serikali na mawakili nyuma yake. Kilichopungua ni karatasi. Sembuse mvuvi asiye na hata stakabadhi ya injini yake!

Kwa hiyo tunawahimiza wanachama: andikisheni mashua zenu, na tunzeni stakabadhi. Mali ikichukuliwa, ombeni hati inayotaja ofisi, tarehe na sababu. Kisha pigeni ripoti polisi mara moja, na raia wa Zambia wapeleke nakala kwenye konseli yao iliyoko Lubumbashi.

Kila tawi nalo lifungue daftari la zana za wanachama wake. Uvuvi unapofungwa, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, mashua ziko pwani; huo ndio wakati wa kuzihesabu. Mnyonge akidai peke yake hupuuzwa. Tawi zima likidai, daftari mkononi, litasikilizwa.