SAA ZA KWANZA BAADA YA AJALI KAZINI



Wapagazi wa Nyakalengija wanaopandisha mizigo Rwenzori, wachambuaji wa pamba wa Kasese na vibarua wa mashamba ya Bwera wanajua kuwa ajali haipigi hodi. Tunaeleza hapa mambo mawili yaliyothibitishwa na wataalamu, maana yanahusu uhai wetu.

La kwanza ni damu. Mtu akikatwa, mwili huigandisha damu ili kuziba jeraha. Lakini akiumia vibaya, mwili huohuo huweza kuiyeyusha damu iliyoganda, naye akazidi kuvuja. Mwaka 1962 watafiti wa Japani, Utako Okamoto na mumewe Shosuke, walitangaza dawa ya kuzuia hali hiyo, iitwayo asidi ya traneksamiki. Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010, uliichunguza kwa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Katika kila majeruhi 1,000 waliopewa dawa hiyo walikufa 145. Wasiopewa walikufa 160. Sharti lake ni moja: itolewe mapema, kabla ya muda wa saa 3 kupita tangu ajali. Ikichelewa zaidi, haifai, na huenda ikadhuru.

La pili ni kubanwa. Mwaka 1941, wakati London ikipigwa mabomu, madaktari Bywaters na Beall waliona watu waliofukuliwa wazima chini ya vifusi wakifa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kazi. Sababu ni kwamba msuli uliopondwa hutoa vitu vya sumu. Mguu ukiachiliwa, sumu hiyo huingia katika damu, huharibu figo, na huweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo aliyebanwa muda mrefu na jiwe, udongo au mashine apelekwe hospitali hata akisema hajambo. Mganga akiweza kufika, amtundikie maji ya mshipa kabla hajaondolewa mzigo.

Basi tufanye nini? Jeraha linalovuja lifunikwe kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa nguvu bila kufunuafunua. Majeruhi afunikwe asipate baridi. Saa ya ajali iandikwe, daktari aambiwe.

Lakini mikono yetu peke yake haitoshi. Mei 2020 mafuriko ya mto Nyamwamba yaliiharibu hospitali ya Kilembe, iliyojengwa kwa ajili ya wachimbaji wa shaba. Hospitali ikiwa mbali, saa 3 huishia njiani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamwajibisha mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Kwa hiyo tudai sanduku la huduma ya kwanza lenye vifaa, mtu aliyefundishwa katika kila zamu, na gari lililo tayari. Mjumbe wa kila tawi aulize wiki hii: leo mwenzetu akiumia, atafika kwa daktari baada ya saa ngapi?