Usukani wa Suedi: Brashi Kwanza, Mafuta Kamwe

Katika nyumba nyingi za Chumbageni, mjini Tanga, gari ni mali ya jamaa nzima. Baba huenda nalo kazini, mama huenda nalo sokoni, na kijana aliyekwisha pata leseni hukabidhiwa siku ya Jumapili awapeleke wazee harusini. Bodi huoshwa hata likang'ara, na viti hupigwa brashi. Lakini kile kinachoshikwa na mikono ya wote, tangu asubuhi hata usiku, aghalabu husahauliwa. Nacho ni usukani.

Watu wa pwani walilijua neno hili kabla ya kuja motokaa. Usukani ndio ulioelekeza jahazi baharini, na nahodha hakumkabidhi kila mtu. Jina lilipohamia barabarani, dhamana nayo ilihama pamoja nalo: ashikaye usukani ameshika roho za watu. Kwa hiyo kuutunza si urembo, bali ni usalama.

Suedi ni nini?

Sukani za magari hazifanani. Ziko za plastiki, ziko zilizovikwa ngozi nyororo, na ziko zilizovikwa suedi. Suedi ni ngozi ya mnyama iliyosuguliwa upande wake wa ndani mpaka ikatoa manyoya mafupi, laini kama malaika ya mwilini. Madereva wa mashindano ya magari huipenda kwa kuwa haitelezi mkononi wala haiakisi jua machoni.

Iko pia suedi isiyotokana na mnyama. Mwaka 1970 mtaalamu wa Kijapani, Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray, alibuni kitambaa cha nyuzi nyembamba mno kinachofanana na suedi, ambacho baadaye kilitengenezwa nchini Italia kwa jina la Alcantara. Kitambaa hiki huvumilia maji kuliko ngozi halisi. Mwenye gari hana budi kujua ni ipi aliyo nayo kabla ya kuanza kuisafisha. Akiwa na shaka, na aichukulie kuwa ni ngozi halisi.

Adui ni mkono

Suedi haiharibiwi na mwendo wa gari, bali na mkono. Jasho lina chumvi, ngozi ya mtu ina mafuta, na juu yake kuna mafuta ya kujipaka, mafuta ya nazi na mabaki ya chakula kilicholiwa njiani. Hapa Tanga joto na unyevu wa bahari huongeza jasho, na vumbi hunata juu yake. Manyoya hulala, hushikamana, na usukani huanza kung'aa mahali mikono inaposhika zaidi. Mng'ao huo wengi huuona kuwa ni uzuri, kumbe ndiyo dalili ya ugonjwa.

Usukani wa namna hiyo huteleza. Katika barabara iliyonyooka dereva huenda asihisi neno. Lakini apandapo kutoka Mombo kwenda Lushoto, mlima ukiwa upande mmoja na bonde upande wa pili, kona moja ikifuatwa na nyingine, kiganja kinachoteleza kwa dakika ndogo tu chatosha kuleta msiba.

Kosa kubwa ni kuitunza suedi kama ngozi nyororo. Mtu huona imekauka, akaipaka mafuta au dawa ya kung'arishia plastiki. Ngozi nyororo yahitaji kulainishwa kwa dawa yake maalumu. Suedi hailainishwi kwa mafuta. Kila tone huyalaza manyoya zaidi na kuvuta vumbi jipya.

Kazi ya kila wiki

Mara moja kwa juma, chukua brashi laini iliyo kavu. Hata mswaki mpya wenye nywele laini wafaa. Piga brashi polepole upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka manyoya yasimame na vumbi litoke. Hii ni kazi ya dakika tano, na vijana wa nyumbani wanaweza kupewa iwe zamu yao.

Ukiona doa la mafuta, usikimbilie maji. Nyunyiza poda isiyo na manukato au wanga wa mahindi, ukandamize taratibu kwa kitambaa, uache usiku kucha, kisha upige brashi. Poda hunyonya mafuta.

Pakiwa pamechafuka sana, changanya maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Chovya kitambaa cheupe cha pamba, ukikamue mpaka kisitoe tone, ufute sehemu ndogo ndogo bila kusugua kwa nguvu. Kitambaa cha rangi hakifai, kwani chaweza kuchuja. Rudia kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kisha acha usukani ukauke kivulini, milango ikiwa wazi. Usiuanike juani wala usiutie joto, kwa maana suedi iliyokaushwa upesi hukakamaa. Ukishakauka, upige brashi tena.

Wakati wa masika, gari lililofungwa siku nyingi huota ukungu. Lipeleke penye hewa, uupige brashi ukungu huo ukiwa mkavu, na uache vioo wazi kidogo siku zisizo na mvua. Jua kali nalo hupausha rangi. Kivuli cha mwarobaini ni dawa isiyonunuliwa.

Ikiwa imekwisha chakaa

Manyoya yaliyolala huweza kuinuliwa. Kwa ngozi halisi, msasa laini kabisa ukipitishwa kwa mkono mwepesi husaidia pale brashi iliposhindwa. Lakini manyoya yaliyokwisha katika hayaoti tena. Hapo dawa ni kuuvika usukani upya, na fundi hodari wa kushona ngozi anaiweza kazi hiyo kwa uzi imara uliotiwa nta, akiivuta ngozi mpaka isiache nafasi.

Jihadhari na vifuniko vya rahisi vinavyovalishwa juu ya usukani bila kushonwa. Kifuniko kikilegea, dereva hukata kona, kifuniko kikazunguka, na magurudumu yakabaki yanaelekea yalikoelekea.

Jihadhari pia na mfuko wa hewa wa usalama uliomo katikati ya usukani wa magari mengi ya siku hizi. Ndani yake mna baruti ndogo ya kuufumua wakati wa ajali. Usukani usifunguliwe na fundi asiyejua mfuko huo. Ajuaye hutoa kwanza waya wa betri, akangoja dakika kadhaa, ndipo aguse skrubu. Ndiyo sababu pia hatumwagi maji katikati ya usukani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi ni ya bei ndogo, na kunawa mikono kabla ya kuendesha hakugharimu kitu. Kuvika usukani upya hugharimu fedha, na ajali hugharimu kisichonunulika. Basi kabla ya safari ijayo, pitisha kiganja juu ya usukani wako. Ukikuta panateleza, shughulikia kwanza, ndipo uondoke.