Mtemi Isike na Swali la Umoja

Tunapochambua mapambano ya kupinga ubeberu, haitoshi kusifu ushujaa wa kiongozi. Lazima tuulize: alipoanguka, nini kilibaki? Maisha ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, utemi ambao makao yake yanakumbukwa hadi leo Itetemia, Tabora, yanatoa fundisho.

Isike alitawala tangu 1876. Baba yake, Mkasiwa, alikuwa amewekwa kwa nguvu za wafanyabiashara Waarabu, baada ya hao kumfukuza Mnywa Sere aliyewatoza ushuru. Isike alikataa kuwa kibaraka. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na aliyeidhibiti njia alidhibiti mali. Tuseme wazi kwamba mali hiyo ilinufaisha ikulu, si wapagazi waliobeba pembe mabegani.

Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora kwa makubaliano na Waarabu. Isike hakuitambua. Mwaka 1892 Wajerumani waliishambulia ngome yake wakashindwa. Januari 1893 jeshi la Tom von Prince liliivunja. Isike, badala ya kujisalimisha, aliilipua ghala ya baruti akiwa ndani yake. Wajerumani wakamweka mtemi waliyemtaka wao.

Kwa nini ushujaa mkubwa kiasi hicho haukuzaa uhuru? Kwanza, Wanyamwezi walikuwa wamegawanyika. Unyanyembe na Urambo ya Mirambo, aliyefariki 1884, zilikuwa zimepigana kwa miaka mingi. Pili, mapambano yalitegemea ngome moja na mtu mmoja.

Tulinganishe na Sahara Magharibi. El-Ouali Mustapha Sayed, mmoja wa waasisi wa POLISARIO mwaka 1973, aliuawa Juni 1976 akiwa katika mapambano na Mauritania. Chama kilimchagua kiongozi mwingine mwaka huohuo, na mwaka 1979 Mauritania ikajitoa vitani. Nchi hiyo bado haijakombolewa, kwani sehemu kubwa imeshikwa na Moroko. Lakini mapambano hayakuzikwa pamoja na kiongozi.

Sisi wenyewe tulilithibitisha jambo hili palepale Tabora. Mwaka 1958 mkutano wa TANU ulijadili kwa ukali suala la kura tatu, ukaamua kuingia katika uchaguzi. Waliozidiwa kwa hoja wengi wao walibaki chamani wakatekeleza uamuzi.

Basi, ndugu makada, tumheshimu Isike kwa kujenga alichokikosa: umoja wa watu wanaojua wanachokipigania, hata kiongozi asipokuwapo.